Barua ya malalamiko: oveni inasema nyuzi 180, ndani ni 150

Tabata,
Dar es Salaam.
3 Februari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KIHISI JOTO KIBOVU CHA OVENI NA MATENGENEZO YALIYOFANYWA BILA KIPIMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 16 Machi 2024 nilinunua dukani kwenu jiko la sentimita 60, lenye plati nne za gesi na oveni ya umeme, kwa shilingi 1,850,000, likiwa na waranti ya miezi 24. Ninaoka keki za biashara nyumbani, na oveni hiyo ndiyo inayolipa ada ya watoto. Kwa miezi saba ilifanya kazi vizuri, kiasi kwamba niliwaelekeza wenzangu wawili waje kununua kwenu, jambo ambalo leo nalisema kwa aibu kidogo.

Mwishoni mwa Oktoba keki zilianza kubonyea katikati. Keki ya mayai sita ambayo kwa nyuzi 180 hunichukua dakika 45, ikawa inamaliza saa nzima na bado juu ni nyeupe, na nikichomeka kijiti kinarudi na unga mbichi. Nilibadilisha unga, nikabadilisha mayai, nikamlaumu hata muuza siagi. Mwisho nilinunua kipimajoto cha oveni, kile cha kusimamisha juu ya wavu, nikakiweka katikati, nikaacha oveni iwake nusu saa, kisha nikawa nakisoma kupitia kioo bila kufungua mlango. Kwa kuwa joto la oveni yoyote hupanda na kushuka kidogo kadiri koili, yaani waya unaopasha joto, inavyowaka na kuzima, nilisoma mara tano kila jaribio na kuchukua namba ya kati. Nilipoweka 180 nilipata 150. Nilipoweka 160 nilipata 130. Nilipoweka 200 nilipata 170. Namba hizo ziko kwenye daftari langu, na nakala yake nimeiambatanisha.

Fundi wenu wa kwanza alikuja Novemba. Alisikiliza nusu ya maelezo yangu, akasema koili imechoka, akaibadilisha kwa shilingi 95,000 kwa sababu eti koili haimo kwenye waranti, na nikalipa 40,000 nyingine za yeye kufika. Keki ziliendelea kubonyea. Wa pili alikuja Desemba, akabadilisha bodi ya umeme; kifaa kilikuwa bure ila ujio wake ni 40,000 zilezile. Hakuna hata mmoja wao aliyetoa mita ya kupimia umeme kwenye begi lake.

Ninaomba mnisamehe nikieleza jambo ambalo mafundi wenu walipaswa kunieleza mimi. Taa ya oveni inayoonyesha kwamba inapasha joto ilikuwa inazimika yenyewe, na kioo cha namba kinaandika 180, wakati ndani ni 150. Koili ikiwa imechoka, au umeme wa mtaani ukiwa mdogo kama mhudumu wenu wa simu alivyodai, oveni huchelewa kufika na taa hukaa ikiwaka muda wote, kwa kuwa oveni yenyewe inajua kwamba haijafika. Oveni yangu ilikuwa inaamini imefika. Aliyekuwa anaidanganya ni kile kijiti chembamba cha chuma kilichotokeza kwenye ukuta wake wa nyuma kwa ndani, yaani kihisi joto. Tena asubuhi, kabla sijapika chochote, nikiiwasha tu kioo hicho cha namba kilikuwa kinaandika nyuzi 60, ilhali oveni imelala baridi usiku kucha. Nililisema hilo kwa fundi wa pili naye akanijibu kuwa ni joto la Dar es Salaam.

Baada ya hapo nilishauriwa kwa simu na ofisi yenu niweke 210 kila ninapotaka 180. Nilifuata ushauri huo, na kwa wiki mbili mambo yalikwenda. Alhamisi, tarehe 9 Januari, nilikuwa naoka keki ya harusi ya ngazi tatu. Dakika ya 30 nikasikia harufu. Kipimajoto kilikuwa kinasoma 210 kamili, na ngazi ya chini, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa nyeusi pembeni mpaka juu. Sidai fidia ya keki hiyo, ingawa ningeweza. Ninaitaja kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kwamba hitilafu hii huja na kuondoka, na kwamba huwezi kuitibu kwa kuongeza namba.

Kesho yake nilimwita kijana wa jirani anayetengeneza majokofu. Tulichomoa umeme ukutani, akafungua skrubu mbili zinazoshika kihisi humo ndani ya oveni, akakivuta taratibu kuja mbele pamoja na waya wake mpaka plagi ikatokea kwenye tundu. Lebo ya waya inasema ni PT1000, maana yake ni cha platini, na kikiwa kwenye nyuzi sifuri kinatakiwa kusoma omu 1,000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kisha kupanda karibu omu 4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Jikoni kulikuwa na nyuzi 30, kwa hiyo kilitakiwa kusoma kama omu 1,117. Kilisoma 1,230. Zile omu 113 za ziada ndizo nyuzi 30 zinazopotea kwenye keki zangu, na ndizo zinazofanya oveni baridi ijione ina nyuzi 60. Alipotikisa waya pale unapoingia kwenye plagi, namba ikaruka hadi 1,118, ikatulia kidogo, ikarudi 1,230. Pini moja ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani. Kazi yote, pamoja na kunywa chai, haikufika dakika 20.

Tulipima pia ile koili ambayo mafundi wenu waliitoa kwa madai kwamba imechoka, kwa kuwa nilikataa wasiondoke nayo. Ilisoma omu 26, na hicho ndicho kipimo cha koili nzima ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230.

Sikumruhusu kijana huyo atengeneze chochote. Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa ili ninyi wenyewe mje mkione. Kwa hiyo nilishangazwa sana na ujumbe wenu wa tarehe 20 Januari unaosema kwamba waranti yangu imekufa kwa kuwa jiko limeguswa na fundi wa nje. Stika yenu ya waranti iko kwenye mfuniko wa nyuma, haijachanika, na picha yake iko pamoja na barua hii. Kihisi kinafikiwa kutoka ndani ya oveni, na mfuniko huo haukuguswa kabisa. Isitoshe, kipimo kile kilifanywa baada ya mafundi wenu kuja mara mbili na kushindwa.

Ninachoomba ni mniwekee kihisi kipya, pamoja na waya na plagi yake, bila malipo, kipimwe mbele yangu kabla ya kufungwa na joto lipimwe tena baada ya kufungwa. Ninaomba pia mnirudishie shilingi 175,000 nilizolipa kwa koili isiyohitajika na kwa safari mbili zisizotibu kitu, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba waranti yangu inaendelea hadi Machi 2026. Nisipopata jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka nakala yake pamoja na vielelezo vyote Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji.

Niko nyumbani kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, isipokuwa Ijumaa mchana ninapopeleka oda. Fundi atakayekuja naomba aje na mita. Kipimajoto cha kwenye wavu nitampa changu.

Wenu,

Mteja, Tabata

Viambatisho: nakala ya risiti ya ununuzi, hati ya waranti, risiti tatu za matengenezo, kurasa mbili za daftari la vipimo, picha ya stika na picha ya plagi yenye kutu.