Acheni kuwakaririsha majina ya satelaiti

Ndugu Mhariri,

Msimu wa mashindano ya sayansi ya wanafunzi unapokaribia, timu zinazojiandaa kwa utambuzi wa mbali, yaani sayansi ya kuisoma dunia kwa vihisi vya satelaiti, huanza na kazi ileile: kuandika orodha ndefu ya satelaiti, tarehe zilizorushwa na mashirika yanayozimiliki. Naomba nafasi katika safu yako niwaambie walimu wenzangu kwamba hiyo ni kazi ya jioni moja, nasi tunaipa miezi. Pale sheria zinaporuhusu karatasi ya dondoo, tarehe zikae huko. Kisichoweza kukaa kwenye karatasi ni uwezo wa kuitazama picha ngeni na kueleza kwa nini sehemu fulani ni nyeusi.

Pa kuanzia ni fizikia ya mionzi, na hesabu yake si ngumu. Kwa sheria ya Wien, ukigawa 2898 kwa joto la kitu katika kelvini unapata urefu wa wimbi, kwa maikromita, ambapo kitu hicho hutoa mionzi kwa nguvu zaidi. Jua lenye takribani 5,800 K linakupa 0.5. Uso wa dunia, kwa 288 K, unakupa 10. Moto wa 1,000 K unakupa 2.9. Hapo mwanafunzi ataona mwenyewe kwa nini Landsat 8, satelaiti ya Marekani ya kuchunguza ardhi, inapima joto la ardhi karibu na maikromita 11. Lakini MODIS, kihisi kilichomo kwenye satelaiti za NASA, hutafuta moto karibu na maikromita 4, si 2.9. Kwa nini? Kwa sababu mvuke wa maji na kabonidayoksaidi hufyonza mionzi ya karibu na 2.7 kabla haijatoka kwenye angahewa, ilhali kwenye 4 kuna upenyo, na moto bado unang'aa kuliko ardhi inayouzunguka hata ukijaza sehemu ndogo tu ya pikseli, yaani kimraba kimoja cha picha. Swali moja la namna hii lina faida kuliko tarehe ishirini.

Baada ya hapo zije bendi, yaani vipande vya mawimbi ambavyo kihisi hupima kimoja kimoja, na hapa kuna mtego wa namba. Katika Landsat 5 na 7, bendi nyekundu ni ya 3 na infraredi ya karibu, mionzi isiyoonekana kwa macho iliyo jirani na nyekundu, ni ya 4. Katika Landsat 8 na 9, nyekundu ni ya 4 na infraredi ya karibu ni ya 5. Katika Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, nyekundu ni ya 4 tena, ila infraredi ya karibu ni ya 8. Aliyekariri kwamba "bendi ya 4 ni infraredi" akipewa Landsat 8 atakokotoa kwa rangi ya kijani na nyekundu, na hatajua kwa nini msitu wake umekauka. Aandike urefu wa wimbi badala ya namba: nyekundu karibu maikromita 0.65, infraredi ya karibu 0.85, infraredi ya mawimbi mafupi 1.6 na 2.2.

NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, kila timu inaijua: infraredi ya karibu toa nyekundu, gawanya kwa jumla yake. Kinachosahaulika ni kwamba data za uakisi wa ardhi, yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi huirudisha, za Landsat (Mkusanyo wa 2, daraja la 2) zimehifadhiwa kama nambari nzima, na ili upate uakisi wenyewe unazidisha kwa 0.0000275 kisha unatoa 0.2. Chukua pikseli yenye 9,000 kwenye nyekundu na 20,000 kwenye infraredi ya karibu. Uakisi wake ni 0.0475 na 0.35, tofauti ni 0.3025, jumla ni 0.3975, na NDVI ni 0.76, yaani mimea mizito yenye afya. Anayeruka hatua hiyo anagawa 11,000 kwa 29,000 na kupata 0.38. Angepata 7 angeshtuka na kurudia. Hii 0.38 haimshtui mtu, kumbe imegeuza msitu kuwa mbuga yenye majani haba. Kuzidisha peke yake kusingeleta madhara, maana kizidishi hujifuta juu na chini ya mgawanyo. Kinachoharibu ni ile 0.2.

Sentinel-2 ina jambo lake pia. Faili zilizochakatwa kwa utaratibu ulioanza mwishoni mwa Januari 2022 zinataka utoe 1,000 kabla ya kugawa kwa 10,000. Ukiweka faili ya utaratibu wa zamani kando ya mpya bila kulijua hilo, utatangaza kwamba mimea imepungua ilhali hakuna kilichobadilika. Na wanaokokotoa kwa programu wahakikishe faili inakubali nambari hasi na desimali, la sivyo maji, ambayo mara nyingi NDVI yake ni hasi, yatapewa thamani kubwa ya ajabu.

Kusoma picha kwa macho kunahitaji mazoezi zaidi ya maelezo. Theluji na mawingu vyote ni vyeupe kwa jicho, lakini kwenye maikromita 1.6 theluji huwa nyeusi na mawingu ya matone ya maji hubaki meupe. Kwenye picha za rada, kihisi kinachotuma mawimbi yake chenyewe na kupima yanayorudi, maji yaliyotulia huwa meusi kwa sababu mawimbi huakisiwa upande wa pili na hayarudi kwenye kihisi. Upepo ukiyachafua hung'aa, na msitu uliofurika hung'aa zaidi, kwani mawimbi hugonga maji kisha shina na kurudi yalikotoka. Anayesema "nyeusi ni mafuriko" na kuishia hapo atakosa nusu ya mafuriko.

Data zenyewe ni za bure, na hazina ya Landsat imekuwa wazi tangu 2008. Picha moja ina upana wa kilomita 185, kwa hiyo kateni kipande cha pikseli 500 kwa 500, sawa na kilomita 15 kwa 15, mkifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani. Pasipo na intaneti ya kuaminika, mwalimu achapishe jedwali la nambari tano kwa tano kwa kila bendi, wanafunzi wakokotoe kwa kikokotoo na kupaka rangi kwa penseli. Ukilinganisha miaka, chagua mwezi uleule, la sivyo utapima majira.

Kwa watungaji wa maswali nina ombi moja: mkitoa nambari ghafi, toeni na kanuni ya kuzigeuza kuwa uakisi, kisha ulizeni eneo. Pikseli ya mita 30 ni mita za mraba 900; ziwa la pikseli 2,450 ni kilomita za mraba 2.2. Mwanafunzi aeleze pia afanye nini na pikseli za ukingoni, zile zenye nusu maji na nusu ardhi.

Wako,
Mwalimu wa jiografia