Texas si nafuu kwa kila mtu

Ndugu Mhariri,

Wanaowashauri jamaa zao walioko Marekani wahame California waende Texas hutanguliza hoja moja, kwamba Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo ilhali California hutoza hadi asilimia 13.3. Ni kweli, ila kiwango hicho huwagusa wenye mapato yanayozidi dola milioni moja kwa mwaka, na sidhani kama hao ndio wanaoomba ushauri.

Texas huziba pengo hilo kwa kodi kubwa ya majengo, ambayo hata mpangaji huibeba bila kuiona, kwa kuwa mwenye nyumba huijumlisha kwenye pango. California, kwa sheria ya mwaka 1978, thamani ya nyumba inayotozwa kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe.

Sikatai kwamba nyumba za California ni ghali mno. Hata hivyo, mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara huko kilikuwa dola 16 kwa saa, na Texas dola 7.25, kiwango cha serikali ya shirikisho ambacho hakijaguswa tangu 2009.

Msomaji wako