Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kamati ya utendaji vimefanyika, Siku ya Wahandisi tumehudhuria, wahitimu wapya tumewapokea. Sitazirudia.

Nianze na lile lililosemwa pembeni mwaka mzima, kwamba mwenyekiti amekula fedha za ziara. Hazikuliwa. Mimi ndiye niliyependekeza ziara ya Bwawa la Julius Nyerere iahirishwe, na kamati ikaridhia, ili shilingi milioni 6.4 zigharimie kozi ya siku 5 ya usimamizi kwa wanachama 22, wengi wao wahandisi na wataalamu wa maabara waliopanda cheo karibuni. Waliotamani kuiona ile mitambo 9, kila mmoja megawati 235, nawaelewa. Nami nilitamani.

Lakini nilipokabidhiwa kituo cha maji miaka ile, pampu nilizijua kwa mlio. Kifungu cha bajeti sikujua kukisoma. Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, ikafika fedha za vipuri hazijatumika, zikarudi serikalini, na Agosti pampu ikasimama. Mafundi hawakuwa na kosa. Aliyekosea ni mimi, sikuandaa mpango wa ununuzi. Miaka 3 ya mafunzo kwa vitendo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi hutukomaza kiufundi, ila kusimamia watu na fedha wengi tunajifunzia kazini, kwa hasara ya umma. Na siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao: usipoainisha mahitaji yako mapema na kwa usahihi, utasubiri.

Siku ya tatu ya kozi, kila mshiriki alitakiwa kumweleza mwenzake, kana kwamba ni msaidizi wake, kuwa kazi yake hairidhishi. Mtaalamu mmoja wa maabara mwenye shahada ya uzamivu alishindwa hata kuanza. Akabaki kuikunja na kuikunjua karatasi. Jioni akarudia mara tatu, akaweza. Kwa hilo peke yake, uamuzi ule ningeufanya tena.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Tuko wanachama 118; waliolipa ada ni 41; mkutano wa Machi, uliojadili kozi hiyo hiyo, walikuja 17. Waliolalamika kwa sauti kubwa sikuwaona siku hiyo.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kozi nyingine, na ziara pia fedha zikiruhusu. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi saa 10 jioni.