Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi kuhusu hesabu ya siku

Mheshimiwa Waziri,

Malalamiko ya abiria yanapozidi, jibu la haraka la serikali huwa ni kupandisha faini za madereva na kuongeza askari barabarani. Naomba kwa heshima uitazame kwanza hesabu ya siku, yaani kiasi ambacho dereva hulazimika kumkabidhi mwenye gari kila jioni, kwa kuwa humo ndimo yanamozaliwa mengi ya yale tunayoyaita utovu wa nidhamu.

Dereva huyo hana mshahara. Akitoka alfajiri tayari anadaiwa hesabu na mafuta, na kinachosalia ndicho chake na kondakta wake; kwa hiyo husubiri kituoni hadi gari lijae, kisha hukimbia ili amuwahi mwenzake kituo kinachofuata, na abiria wakipungua hukatisha njia na kuwashusha waliokwisha kulipa. Faini ikipanda, huihesabu kuwa gharama ya siku, akazidisha mwendo ili aifidie.

Mjini Bogotá, Kolombia, mashindano ya namna hii yaliitwa vita vya senti. Mfumo wa mabasi wa TransMilenio ulipoanza mwaka 2000, kampuni binafsi zilizoshinda zabuni za njia kuu zililipwa kwa kilomita, na dereva hakuwa tena na sababu ya kumgombea abiria. Lakini Santiago, Chile, Februari 2007, mji mzima ulihamishiwa mfumo mpya kwa mara moja, huku mikataba ikiwahakikishia waendeshaji sehemu kubwa ya mapato hata mabasi yalipokuwa machache barabarani, na walioumia ni abiria.

Ombi langu, basi, ni kwamba leseni ya njia isitolewe tena kwa gari moja moja, bali kwa kampuni au ushirika utakaoajiri madereva kwa mkataba na mshahara, na kulipwa kwa safari zilizothibitishwa kuwa zimefanyika, zikiwemo za usiku ambazo leo hakuna anayezitaka. Zianze njia chache. Wenye magari wa sasa wapewe muda na nafasi ya kujiunga, maana ndio waliobeba abiria pale mashirika ya umma yaliposhindwa. Njia zisizojaa zitahitaji ruzuku, na sioni namna ya kulikwepa hilo.

Wakati mabadiliko hayo yakiandaliwa, faini ya mwendo wa hatari na ya kukatisha njia itozwe pia kwa mwenye leseni, kwa kuwa ndiye anayepanga hesabu.

Wako mwaminifu,
Abiria