Teke la bunduki lisimfukuze mtoto mawindoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Msimu wa kulungu kwa bunduki huko Minnesota, Wisconsin na Maine huwa Novemba, na kila unapokaribia, wazazi Waswahili waliolea watoto wao huko huulizana: mtoto wa miaka 12 apewe bunduki gani? Jibu ninaloliogopa kuliko yote ni hili linalozunguka kwenye makundi ya simu ya wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani: “Mpe ya baba, punguza baruti kidogo tu.”

Kupunguza teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi begani, ni jambo jema. Raifoli ya .308 Winchester (aina ya risasi) yenye uzito wa kilo 3.2, ikirusha kichwa, yaani kipande cha risasi kinachoruka, cha greni 150 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kasi ya futi 2,800 kwa sekunde, humpiga mlengaji begani kwa nguvu ya takriban jouli 25. Mtoto wa kilo 40 akipigwa hivyo mara tatu nne huanza kufumba macho na kukwapua kifyatuo kabla ya mlio. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing’oa ni kazi. Weka kichwa cha greni 125 kwa futi 2,300, na teke linashuka hadi jouli 11 hivi, chini ya nusu, na kulungu aliye karibu bado ataanguka.

Shida iko kwenye hilo neno “kidogo tu”. Baruti haipunguzwi kwa kukisia, na si kila baruti inakubali kupunguzwa. Zile zinazoungua polepole, kama H4831, zikiwekwa chache ndani ya ganda kubwa hulala chini, moto wa fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) hupita juu yake, na mwako huwa wa kusuasua. Mara nyingine kichwa hukwama ndani ya mtutu. Mara nyingine, ingawa ni nadra, shinikizo hupanda ghafla na kupasua bunduki iliyodhaniwa kuwa na risasi dhaifu. Baruti za H110 na W296 ndizo kabisa usizichezee. Kwa upande mwingine, baruti za bastola zinazoungua haraka huchukua nafasi ndogo sana ndani ya ganda la raifoli, hivi kwamba ukimimina mara mbili kwa kusahau, hutaona tofauti mpaka bunduki ikupasukie mkononi.

Baruti iliyokubalika kwa kazi hii ni H4895 ya kampuni ya Hodgdon. Kampuni yenyewe imetoa kanuni: chukua kipimo cha juu kabisa cha H4895 kwenye jedwali lao, kwa aina ya risasi na uzito wa kichwa unaotumia, kisha zidisha kwa asilimia 60. Hapo ndipo pa kuanzia, na usishuke chini yake. Tuseme jedwali linaandika greni 45 (huu ni mfano wa hesabu tu, kasome jedwali lako): utaanza na 27. Wengi hukosea kwa kuzidisha kipimo cha kuanzia kilichoandikwa jedwalini badala ya cha juu. Kama cha kuanzia ni 41, wanapata 24.6, na tayari wako chini ya mpaka. Kosa la pili ni kununua IMR 4895 kwa kuwa jina linafanana. Kanuni hii haikuandikwa kwa ajili yake.

H4895 ina faida nyingine: ni nene. Greni 27 hujaza nusu ya ganda la .308 hivi, kwa hiyo ukirudia kumimina, baruti itafurika na utaiona. Hata hivyo panga maganda kwenye kibao chenye matundu na uyamulike yote kwa tochi kabla ya kubana kichwa hata kimoja. Mezani pawe na chupa moja tu ya baruti. Pima kwa mizani, si kwa jicho. Ganda la .308 lisizidi inchi 2.015; likizidi, likate hadi 2.005. Fataki ziwe za kawaida za raifoli, saizi kubwa. Pamba au nyuzi za kushikilia baruti ndani ya ganda usiweke.

Panda kwa nusu greni hadi greni moja, risasi tano kila hatua, ukiwa na kipimakasi. Hapa pana jaribio ambalo watu huliruka: kabla ya kufyatua, inamisha mtutu chini taratibu kisha ulenge, zinazofuata, uinue juu kwanza. Baruti itakuwa imelala mbele au nyuma. Kasi ikitofautiana sana kati ya namna hizo mbili, kipimo bado ni kidogo mno, panda hatua moja. Ukifika kati ya futi 2,200 na 2,400 na kichwa cha greni 125, na matundu yanakaa pamoja kwenye shabaha, simama hapo.

Kisha soma maganda. Shingo yenye masizi na fataki iliyochomoza kitakoni huwatisha wageni, wakidhani shinikizo limezidi. Ni kinyume chake: shinikizo ni dogo, ganda halikutanuka vya kutosha kuziba gesi wala kurudi nyuma kugusa kitasa, yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu. Maganda hayo yatenge. Fataki huyasukuma mbele kila mara, bega la ganda, pale linapopungua kuelekea shingoni, hurudi nyuma kidogo kidogo, na baadaye ukiyajaza kwa nguvu kamili yanaweza kukatika katikati. Na mlio ukisikika hafifu usivyotarajia, acha kila kitu, toa risasi, chungulia mtutu. Risasi nyingine nyuma ya kichwa kilichokwama hupasua mtutu. Isipolia kabisa, elekeza bunduki kwenye shabaha na usubiri nusu dakika kabla ya kufungua kitasa.

Kichwa chenyewe ndicho wengi hukisahau. Vingi vilivyoundwa kwa .308 huhitaji angalau futi 1,800 kwa sekunde wakati wa kugonga ili vitanuke. Chini ya hapo hutoboa tundu jembamba na mnyama hukimbia akafie mbali. Vile vya shaba tupu huwa vigumu zaidi. Tafuta chepesi chenye ncha laini, au vile vya .30-30 (aina nyingine ya risasi) vyenye pua bapa, maana viliundwa kwa kasi ndogo. Vya mashindano na vilivyofunikwa chuma kote achana navyo. Cha greni 125 kilichoanza na futi 2,200 hubaki na takriban 1,950 kwenye yadi 100, na karibu na yadi 200 kinakuwa kimekwisha. Mtoto asivuke yadi 100.

Teke pia hutokana na bunduki isiyomkaa. Kutoka kifyatuo hadi mwisho wa kitako, bunduki nyingi za watu wazima zina inchi 13.5, mtoto anahitaji 12 hadi 12.5, pamoja na mpira mzuri wa begani. Kifaa cha kuvunja teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu sikipendi kwa mtoto: huongeza kelele, na kelele humshtua kama teke lenyewe. Avae vizibo vya masikio na vifunika masikio juu yake. Mazoezi mengi yawe kwa bunduki ndogo ya .22, risasi za .308 zisizidi kumi kwa siku. Raifoli iwe ya kitasa, kwa sababu ile inayojikoki yenyewe huenda ikashindwa kuzungusha risasi dhaifu.

Asiye na vyombo hivi asijilazimishe. Kampuni kama Hornady huuza risasi za teke dogo zilizo tayari, na .243, risasi ndogo kuliko .308, bado ni jibu zuri kwa anayenunua bunduki mpya. Marekani sheria ya taifa humruhusu mtu kujijazia risasi bila leseni, mradi asiziuze. Kwetu ni habari nyingine: Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Risasi hizi hugonga chini kuliko za kawaida, kwa hiyo darubini irekebishwe upya kwa hizo hizo. Sanduku liandikwe tarehe, baruti, greni, aina ya kichwa na jina la mtoto, na lisikae kabati moja na za baba.

Msomaji wenu,
Minnesota, Marekani