Mtoto aliyepasuliwa mtoto wa jicho apimwe konea pia

Ndugu Mhariri,

Wapo wazazi hapa Dodoma wanaoamini kwamba mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho akishapasuliwa, matibabu yamekwisha. Sivyo. Baada ya lenzi ya jicho iliyoingia ukungu kuondolewa, konea, yaani tabaka angavu lililo mbele ya mboni, mara nyingi huwa nene kuliko kawaida, na unene huo huweza kukifanya kipimo cha presha ya jicho kionyeshe namba kubwa kuliko presha halisi, ilhali glakoma yenyewe, yaani ugonjwa wa presha ya jicho unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, huweza kumpata mtoto huyo hata miaka mingi baadaye. Naziomba kliniki zetu zipime vyote viwili, presha ya jicho na unene wa konea, na mzazi wa Kongwa au Mpwapwa apewe tarehe ya kurudi kabla hajaondoka.

Msomaji wako,
Dodoma