Barua kwa mnaoachana, na kwa wazee mnaowaamua

Assalaam alaykum wanangu wa Unguja na Pemba.

Siandiki kuwarudisha nyumbani. Aliyefika pa kuachana keshazisikia nasaha, nyingine zimemchosha. Naandika kwa kuwa ndoa nyingi kwetu huvunjika kwa mdomo, na ugomvi mkubwa huja baadaye, juu ya yale ambayo hakuna aliyeyaandika: talaka ngapi, ya lini, ya namna gani, na nani kabaki na nini.

Nianze na nyinyi wazee. Surat Nnisaa, aya ya 35, imetaja hakamu (waamuzi) wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Wawili, si ukoo mzima ukumbini. Mjomba aliyetoa pesa za harusi asiwe hakamu, wala shangazi ambaye maneno yameanzia kwake. Msikilizeni kila mmoja peke yake kwanza, ndipo muwakutanishe, na kikao cha pili kiwe baada ya wiki hivi. Mke akiwekwa mbele ya wakwe watano hasemi kweli. Atasema "mimi sina neno", na kesho yake yuko mlangoni kwa kadhi. Palipo na kipigo msikae kusuluhisha: mpelekeni aliyeumizwa polisi apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili. Suluhu ya mtu anayeogopa kurudi nyumbani si suluhu.

Sasa talaka yenyewe. Ikibidi, toa moja, mke akiwa tohara, yaani siku za usafi baina ya hedhi na hedhi, ambayo hamjakutana kimwili ndani yake. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoifuata wengi hapa, tatu za mpigo huhesabiwa tatu, na majuto ya asubuhi hayazipunguzi. Karatasi iwe na tarehe ya Kiislamu na ya kizungu, idadi ya talaka, kuwa ni rejea (mume aweza kumrudia mke kabla muda wa kungoja haujaisha) au ni khului (mke kajivua kwa kumlipa mume), majina ya mashahidi wawili na saini. "Nimemuacha fulani" peke yake haitoshi, maana miaka miwili baadaye mume atasema ilikuwa moja, jamaa za mke waseme tatu, na kadhi hana pa kushika.

Hii ya kuachana kwa ujumbe wa simu ndiyo inayowatia watu kizani. Maandishi kwa Shafii ni kinaya, yaani hukumu yake inafuata nia ya aliyeandika. Mume akikana nia, mwanamke hajui kama yuko kwenye eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, au bado ni mke wa mtu. Ukiupata ujumbe kama huo usiufute. Nenda nao kwa kadhi wiki hiyo hiyo, msingoje hadi mmoja wenu anataka kuoa au kuolewa.

Eda pia watu huihesabu ovyo, wakasema "miezi mitatu" kwa kila mtu. Miezi mitatu ni ya asiyepata hedhi. Anayepata huhesabu tohara tatu, na ile aliyoachwa ndani yake ni ya kwanza, kwa hiyo eda yake inakwisha inapoanza hedhi ya tatu. Mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Muda huo, kama talaka ni rejea, mume anamlisha na anampa pa kukaa. Kumpakilia kitanda na kabati kwenye gari usiku ule ule, kama tulivyozoea, ni kumdhulumu.

Wanawake, msiharakie khului. Ukisema unajivua, mahari unaweza kuirudisha na mume hana rejea tena ila kwa akidi mpya. Lakini kama hakulishi, au kakuacha miaka bila habari, huna sababu ya kununua talaka: hayo ni madai ya fasikhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, mpelekee yeye. Na posho ya mtoto msiiweke mezani kuwa bei ya talaka.

Mali ndiyo penye moto. Wengine huja na Sheria ya Ndoa ya 1971 waliyoisoma mitandaoni. Ile ni ya Bara, Zanzibar haitumiki. Kwetu ipo Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, na mahakama huangalia nani kachangia nini. Kwa hiyo risiti ya saruji na mabati, ujumbe wa pesa uliyomtumia fundi, na fundi mwenyewe kama shahidi, vina uzito kuliko machozi. Linaloangusha wengi ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha baba wa mume: matofali ya wawili, ardhi ya mzee. Hapo msidai nyumba, dai thamani ya ulichoweka. Pemba kuna na mikarafuu. Ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ya yule, basi andikeni miti mingapi, iko upande gani wa shamba, nani kaipanda, na msimu ujao nani anachuma. Mahari iliyobaki ni deni, hilo halina mjadala.

Ya watoto yaandikeni kwa kiasi na tarehe. "Atawaangalia" si makubaliano. Semeni shilingi ngapi, tarehe 5 ya kila mwezi, kwa namba ipi ya simu, na mbali na hizo: ada ya chuoni (madrasa), sare za skuli, dawa, nguo za Idi. Mmoja akiwa Wete na mwengine Mjini, andikeni nani analipa nauli ya boti, nani anamfuata mtoto bandarini, na likizo ipi ni ya nani. Nimeona makubaliano mazuri yakivunjika kwa tiketi ya boti tu.

Mkienda kwa kadhi chukueni cheti cha ndoa, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nakala ya mliyokubaliana. Asiye na pesa za wakili amtafute msaidizi wa sheria wa shehia yake. Karatasi ya suluhu itolewe nakala tatu, na ya mke akae nayo mwenyewe, si kaka yake.